Umesahau nywila ya kompyuta: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Mwanga, Kigoma

Maswali haya yametoka kwenye duka letu la ufundi wa kompyuta hapa Mwanga, na kwenye simu zinazopigwa kutoka Kasulu, Uvinza, Kibondo na vijiji vya mwambao ambako mtu husubiri boti ndipo afike mjini. Tumeyaandika ili usisafiri bure, na zaidi ya yote ili usipoteze kazi yako. Ukiwa na haraka, soma la 1, la 2 na la 15.

## Kabla hujagusa kitu

1. Nimesahau nywila. Je, faili zangu zimepotea?

Hazijapotea. Nywila inazuia mlango tu. Picha, barua, hesabu za VICOBA, alama za wanafunzi, vyote vipo kwenye diski kama ulivyoviacha. Faili hupotea baadaye, mwenye mashine akishahangaika: anabonyeza kila kinachojitokeza kwenye skrini, au anampa mashine mtu anayejua njia moja tu, nayo ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Kuna hali moja ambayo kusahau kwenyewe kunaweza kukupotezea faili: diski iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa mafumbo, ambayo ufunguo wake haupatikani popote. Hiyo tumeieleza kwenye swali la 13.

2. Nianze na nini?

Anza kwa kuhakikisha kwamba kweli umesahau. Watu wengi wanaotufikia wanaikumbuka nywila yao vizuri, ila kinachoingia kwenye kisanduku sicho wanachodhani wanaandika.

Tazama taa ya Caps Lock. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika: *Mwanga2019* na *mwanga2019* ni nywila mbili tofauti. Tazama na Num Lock, hasa kwenye laptopu ndogo za zamani, kwa sababu ikiwaka, herufi U, I na O zinaweza kutoa 4, 5 na 6. Kisha andika nywila na ubonyeze alama ya jicho iliyo mwisho wa kisanduku, usome kwa macho yako kilichoandikwa.

Kuna mama mfanyabiashara wa mawese alituletea mashine akiwa na hakika kwamba amesahau. Tulipobonyeza lile jicho tukaona herufi E haitokei kabisa. Chini ya kitufe palikuwa na chai ya sukari iliyoganda. Tukafungua kibodi ya kwenye skrini, ambayo ipo kwenye alama ya mtu mdogo chini kulia, akachagua herufi moja moja kwa kipanya, akaingia. Nywila alikuwa nayo siku zote.

Jambo jingine: kama uliibadilisha hivi karibuni, jaribu ile ya zamani na ile mpya, na jaribu kuandika haraka bila kuifikiria. Vidole huwa vinaikumbuka hata pale kichwa kinapokataa.

3. Laptopu yangu ilitoka ng'ambo. Naandika sawasawa lakini inakataa. Kwa nini?

Hili tunalikuta sana Kigoma, kwa sababu laptopu nyingi zilizokwisha kutumika zinavuka kutoka Burundi na Kongo, na kibodi zake ni za Kifaransa. Safu ya juu ya herufi inaanza A, Z, E, R, T, Y, wakati tuliyozoea inaanza Q, W, E, R, T, Y. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamia kulia kwa L, na tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie Shift.

Shida inaanza pale vitufe vinapokuwa vya Kifaransa huku Windows ndani yake imewekwa kwa Kiingereza, au kinyume chake. Chukua neno *mwaka*. Ukilibonyeza kwa kufuata maandishi ya kibodi ya Kifaransa kwenye Windows iliyowekwa Kiingereza, kinachoingia ni *;zqkq*. Na kwa kuwa kisanduku kinaonyesha vitone tu, huwezi kujua.

Tazama kona ya chini kulia ya skrini ya kuingilia. Ukiona herufi tatu, ENG au FRA, zibonyeze uchague ile nyingine, kisha ujaribu tena. Usipoziona, mashine ina mpangilio mmoja tu. Tumia jicho la swali la 2 na utafute kila herufi inakotokea.

4. Nikikosea mara nyingi itajifunga kabisa?

Haitajifunga kabisa, wala haitafuta kitu. Windows 11 iliyowekwa upya katika miaka ya karibuni hufunga akaunti kwa dakika 10 ukikosea mara 10. Ukikosea PIN mara kadhaa, itakutaka uandike A1B2C3 ili ijiridhishe kwamba hakuna kitufe kinachojibonyeza chenyewe. Andika hivyo hivyo, hilo si kosa wala virusi. Ukiendelea kukosea itakuambia uzime na kuwasha. Pumzika, rudi baadaye.

5. PIN na nywila ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuvichanganya kumewagharimu wengi safari ya mjini. PIN inaishi kwenye mashine hiyo moja tu. Nywila ni ya akaunti. Ukisahau PIN lakini nywila unaijua, bonyeza Sign-in options chini ya kisanduku, chagua alama ya ufunguo, andika nywila, umeingia. PIN utaiweka upya ukiwa ndani.

6. Si mnaweza kuisoma tu mkaniambia ilikuwa nini?

Hatuwezi, kwa sababu kompyuta haikuiandika popote. Inachotunza ni alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nywila hiyo, na hesabu yake haina njia rahisi ya kurudi nyuma. Zamani haikuwa hivyo. Kwenye mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, miongoni mwa mifumo ya kwanza kutumia nywila, maneno ya siri yalikaa kwenye faili yakisomeka wazi. Mwaka 1962 mtafiti mmoja pale, Allan Scherr, aliagiza faili hilo lichapishwe kwenye karatasi ili apate muda zaidi wa kutumia kompyuta. Mifumo ya leo imejengwa ili jambo kama lile lisiwezekane. Kwa hiyo kazi yetu ni kukuwekea nywila mpya.

## Kurudi ndani ya Windows

7. Nitajuaje akaunti yangu ni ya aina gani?

Hili ndilo swali linaloamua njia yote iliyobaki, kwa hiyo lijibu vizuri. Kuna akaunti ya Microsoft, ambayo imeunganishwa na barua pepe, na kuna akaunti ya ndani, ambayo inajulikana na mashine hiyo peke yake.

Ukiona anwani ya barua pepe chini ya jina lako, ni ya Microsoft. Ukiona jina tupu kama User au HP, huenda ni ya ndani, ila usiamini jina pekee kwa sababu Windows nyingi huficha anwani. Kosea nywila mara moja, kisha bonyeza kiungo kinachojitokeza chini. Kikikuuliza maswali kama jina la mji ulikozaliwa, ni akaunti ya ndani. Kikitaka kukutumia namba kwa simu au barua pepe, ni ya Microsoft.

Tahadhari kwa wenye Gmail: anwani inayoishia na gmail.com inaweza kuwa akaunti ya Microsoft pia, kama ndiyo uliyoitumia siku ya kusajili mashine. Lakini nywila ya Gmail na nywila ya akaunti ya Microsoft ni vitu viwili. Tunaletewa watu waliobadilisha nywila ya Gmail mara tatu, na kila mara kompyuta inaikataa. Haijui chochote kuhusu Gmail.

8. Ni akaunti ya Microsoft. Nairudishaje?

Huhitaji fundi. Chukua simu yenye bando, fungua account.live.com/password/reset, andika barua pepe ya akaunti, chagua utumiwe namba ya uthibitisho, iandike, kisha weka nywila mpya. Nywila ya zamani haitakubaliwa tena. Usimsomee mtu yeyote namba hiyo ya uthibitisho kwa simu, hata akisema anapiga kutoka Microsoft.

9. Nimebadilisha kwa simu, lakini kompyuta bado inataka ile ya zamani.

Kompyuta haijapata habari, basi. Nywila mpya imewekwa kwenye mitambo ya Microsoft, na mashine yako haina intaneti. Washa hotspoti kwenye simu, bonyeza alama ya mtandao iliyo chini kulia kwenye skrini hiyo hiyo ya kuingilia, jiunge, kisha andika nywila mpya. Mtandao ukiwa wa polepole, mpe dakika moja kabla ya kubonyeza tena.

10. Namba ya uthibitisho inakwenda kwenye laini niliyopoteza. Sasa?

Kama laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina lako, irudishe kwanza. Nenda kwenye duka la mtandao wako na namba ya NIDA, uweke alama ya kidole, upewe kadi mpya yenye namba ile ile. Hakuna njia fupi kuliko hiyo, na tunasikitika kuona watu wanaoiruka wakajaza fomu kwa wiki mbili.

Kama laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mtafute huyo mtu. Ikishindikana kabisa, ipo fomu ya kurejesha akaunti, account.live.com/acsr. Utahitaji barua pepe nyingine inayofanya kazi. Unaweza kuijaza hadi mara mbili kwa siku. Ijaze kwa makini, na ikiwezekana kwa kifaa na mahali ulipozoea kuitumia akaunti hiyo. Taja nywila za zamani unazozikumbuka na vichwa vya barua ulizotuma. Fomu hii haifanyi kazi kama uliwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa pamoja kwa sababu zile za zamani huzipati, Microsoft huweka muda wa siku 30 wa kusubiri. Ni kwa ajili ya kukulinda dhidi ya mwizi anayejifanya wewe. Usifute ombi na kuanza upya, maana siku zinaanza kuhesabiwa tena.

11. Ni akaunti ya ndani. Kuna njia gani?

Zipo tatu, na zote zinategemea kitu kilichoandaliwa kabla.

Ya kwanza ni maswali ya usalama, yaliyoanza kwenye Windows 10 mwaka 2018. Kosea nywila mara moja, bonyeza Reset password, jibu maswali matatu. Tahajia lazima iwe ile ile uliyotumia siku ile. Aliyejibu *Ujiji* siku ya kwanza hataingia kwa *Kigoma Ujiji*. Jaribu na makosa yako ya kuandika.

Ya pili ni mtu mwingine mwenye akaunti ya msimamizi kwenye mashine hiyo hiyo. Kwenye steshenari na shule hili ni la kawaida. Aingie kwake, afungue Control Panel, sehemu ya User Accounts, akuwekee nywila mpya. Kuna athari yake ndogo, tazama swali la 17.

Ya tatu ni flashi ya kuweka upya nywila, kama uliwahi kuitengeneza. Inafanya kazi hata kama nywila imebadilishwa mara nyingi baada ya hapo. Ni watu wachache sana wanayo.

12. Sina majibu ya maswali, sina akaunti nyingine, sina flashi.

Basi fuata mpangilio huu: toa faili kwanza (swali la 14), kisha irudishe mashine kwenye hali ya upya. Kwenye skrini ya kuingilia, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, chagua Troubleshoot, kisha Reset this PC. Utaona chaguo la kubakiza faili na la kufuta vyote. Usiliegemee lile la kubakiza kama huna nakala pembeni. Programu ulizoweka, Word, programu ya hesabu, dereva za printa, zitaondoka kwa vyovyote.

Chomeka chaja kabla ya kuanza. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usianze kazi hii siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Ukizimika katikati, Windows inaweza isiwake tena, na hapo kazi inakuwa mbili.

## Diski, faili na mafundi

13. Skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ni nini hiki?

Hiyo ni BitLocker. Maana yake diski yako imesimbwa: kila kilichomo kimeandikwa kwa mafumbo ambayo hayasomeki bila ufunguo. Watu wengi hawakumbuki kuiwasha, na ni kweli hawakuiwasha. Kwenye Windows 11 ya toleo la 24H2, mashine mpya au iliyowekwa upya ikiingiwa kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji huwaka wenyewe.

Habari njema ni kwamba ikiwaka kwa njia hiyo, ufunguo hutunzwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti ya Microsoft, utaona orodha ya funguo. Zikiwa zaidi ya moja, linganisha herufi na tarakimu 8 za mwanzo za Key ID kwenye skrini ya bluu na zile za kwenye orodha. Kisha andika tarakimu zote 48, bila haraka, mtu mmoja akisoma na mwingine akibonyeza.

Ufunguo usipopatikana kwenye akaunti yoyote, kwenye karatasi, kwenye flashi wala kwa afisa wa TEHAMA wa kazini, faili hizo hazitoki. Tunalisema wazi kwa sababu kuna wanaoahidi kuzitoa kwa malipo. Hakuna fundi wa Kigoma, wa Dar es Salaam wala wa Marekani anayezitoa. Usilipe.

14. Naweza kutoa faili bila kuingia kwenye Windows?

Kama diski haijasimbwa, ndiyo, na ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Tunawasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa bure unaokimbia kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski yako. Ukishawaka unaiona diski ya Windows kama folda ya kawaida. Unafungua Users, kisha jina lako, unanakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenda kwenye diski ya nje.

Ukitaka kujifanyia mwenyewe, tafuta flashi ya GB 8 au zaidi na kompyuta nyingine ya kuiandaa kwa programu ya Rufus. Faili la Ubuntu lina GB kadhaa, kwa hiyo kabla hujachoma bando uliza kama fundi wa karibu analo. Wakati wa kuwasha, bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo: F12 kwenye Dell, Lenovo nyingi na Acer, F9 kwenye HP, Esc kwenye Asus. Ukifika, chagua kujaribu. Usichague kusakinisha, maana kusakinisha kunaweza kufuta Windows pamoja na faili zote.

Wakati mwingine Ubuntu itakuambia diski inasomeka tu, haiandikiki. Ni kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Kwa kunakili, kusomeka kunatosha. Ukiulizwa ufunguo wa diski, rudi swali la 13.

15. Fundi ameniambia "tupige Windows tu", yaani aifute na kuiweka upya. Nikubali?

Muulize kwanza: faili zangu umeziweka wapi? Akikuonyesha kwa macho, kwenye diski ya nje, folda zimefunguka na picha zinaonekana, kubali. Akisema "zipo, usijali" bila kuonyesha, chukua mashine yako uondoke.

Mwalimu mmoja wa sekondari alitufikia baada ya kupigiwa Windows mahali pengine. Alama za kidato cha pili za mihula miwili zilikuwa kwenye Desktop. Mashine yake ilikuwa na diski ya zamani ya kuzunguka, tukafanikiwa kuokoa sehemu ya faili, mengine yakarudi yamevunjika. Alikaa kwenye benchi letu mpaka jioni akilinganisha majina na daftari la mahudhurio. Ingekuwa SSD (diski isiyozunguka), kama laptopu nyingi za sasa, tusingeokoa kitu karibu chochote, kwa sababu SSD husafisha nafasi zilizofutwa muda mfupi tu baadaye. Na kazi ya kunakili faili zake kabla ya kupiga Windows ingechukua dakika 20.

16. Kuna programu kwenye mtandao zinazosema zinafungua nywila yoyote. Nizitumie?

Tunakushauri usizitumie. Nyingi zinataka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziweka, na hilo pekee linatosha kuzikataa. Mbinu za kubadilisha faili za mfumo ili kupenya zipo pia, na tunazijua. Hatuziandiki hapa kwa sababu tunaletewa laptopu za wizi, na kwa sababu zinaweza kuleta hasara iliyoelezwa kwenye swali linalofuata.

17. Nimefunguliwa, lakini Chrome imesahau nywila zangu zote. Imekuwaje?

Windows hufunga nywila zilizohifadhiwa na vivinjari, pamoja na faili ulizosimba kwa EFS (usimbaji wa faili uliomo ndani ya Windows), kwa kutumia nywila yako ya kuingilia. Ukiibadilisha mwenyewe ukiwa ndani, kufuli hilo linabadilishwa sambamba. Ikibadilishwa na mtu mwingine kutoka nje, kufuli la zamani linabaki na ufunguo wake umepotea. Kama Chrome ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya Google, ingia tena, zitarudi. Na kama baadaye utakumbuka nywila ya zamani, usiitupe: irudishe kama nywila ya kuingilia, mara nyingine vitu hivyo hufunguka.

18. Nikishaingia, nifanye nini ili nisirudi hapa?

Weka maswali ya usalama kama akaunti ni ya ndani. Kama ni ya Microsoft, ingiza namba mbili za simu, yako na ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Tafuta ufunguo wa BitLocker leo, uuandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, siyo kwenye mfuko wa laptopu. Na nywila yenyewe iandike pia, kwenye daftari hilo hilo. Wapo wataalamu wanaokataza kabisa kuandika. Sisi kwa tunayoyaona, daftari lililofungiwa kabatini limeokoa watu wengi.

## Mashine ambazo si za kawaida

19. Yangu ni Mac.

Kosea nywila mara tatu, utaona pendekezo la kuiweka upya kwa akaunti ya Apple. Lisipojitokeza, zima mashine. Kwenye Mac zenye chipu ya Apple, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka chaguo za kuanzia zitokee. Kwenye zile za Intel, washa huku ukishikilia Command na R. Kama FileVault (usimbaji wa diski wa Mac) imewashwa, utahitaji akaunti ya Apple au ufunguo wa akiba, na bila vyote viwili hali ni ile ile ya swali la 13.

20. Natumia Ubuntu.

Washa huku ukibonyeza Esc, au Shift kwenye mashine za zamani, mpaka menyu ya GRUB itokee. Chagua Advanced options, kisha recovery mode, kisha root. Andika `mount -o remount,rw /`, halafu `passwd` ikifuatiwa na jina lako la kuingilia. Kama diski ilisimbwa siku ya kusakinisha, utaulizwa neno la siri la diski kabla ya yote hayo, na hilo halina njia ya kuzunguka.

21. Inauliza nywila kabla hata ya Windows kutokea.

Hiyo ni nywila ya BIOS, inakaa kwenye ubao wa mashine. Kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani, kutoa betri ndogo ya duara ya CR2032 kwa dakika chache kuliiondoa. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni haisaidii, kwa sababu nywila imetunzwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Huko ni kwa mtengenezaji, na risiti ya ununuzi mkononi.

## Kuja dukani, na kesi ngumu

22. Nije na nini?

Chaja. Watu wanatoka Kalya kwa boti, usiku kucha majini, wanafika na laptopu isiyo na chaja yenye betri iliyokufa. Njoo pia na simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti, diski ya nje au flashi kubwa kama unayo, kitambulisho, na risiti au boksi la mashine. Usitutumie mtu mwingine kama akaunti ni ya Microsoft: namba ya uthibitisho itaingia kwenye simu yako wakati wewe upo shambani.

23. Ni kompyuta ya ofisi au ya shule.

Usiilete kwetu, wala kwa fundi mwingine wa mtaani. Nenda kwa afisa TEHAMA wa halmashauri au wa taasisi yako. Akaunti za kazini husimamiwa naye, nywila anaweza kuibadilisha akiwa mezani kwake, na ufunguo wa BitLocker mara nyingi anao. Ukiipiga Windows kienyeji unaweza kujikuta unajibu kuhusu nyaraka zilizopotea.

24. Nimenunua mkononi, ina jina la mtu mwingine.

Mrudie aliyekuuzia aondoe akaunti yake mbele yako. Akikwepa, anza kujiuliza ilikotoka. Mashine inayotaja jina la kampuni au shirika kila inapowekwa upya imesajiliwa kwa mwenyewe hata nje ya diski, na kupiga Windows mara kumi hakutabadilisha hilo. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo tusipoona uthibitisho wa umiliki, hatufungui, na tunaomba usitukasirikie.

25. Ni ya marehemu. Tunataka picha na nyaraka zake.

Poleni sana. Hizi ndizo kazi tunazozifanya taratibu kuliko zote.

Kwanza familia ikubaliane, na anayeileta awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, aje na nakala ya barua ya mahakama. Tumewahi kuletewa laptopu moja na ndugu wawili kwa siku mbili tofauti, kila mmoja akitaka mwenzake asijue. Pili, msikate laini ya simu ya marehemu wala msiigawe mpaka kazi iishe, kwa sababu namba za uthibitisho zitakwenda huko. Tatu, msijaribu nywila kwa kubahatisha, watoto na wajukuu kwa zamu. Tafuteni daftari zake kwanza, na kurasa za nyuma za shajara. Wazee wengi waliandika.

Diski isiposimbwa, tunatoa faili kama tulivyoeleza kwenye swali la 14 bila kugusa akaunti yake, tunanakili kwenye diski mbili, na mashine tunairudisha kama ilivyokuja. Folda hatuzifungui kuzisoma. Msimamizi anakaa pembeni yetu, anatuonyesha ni zipi.